Doa Lililogoma Kutoka

Jumatano, 4 Juni

Nimetukanwa! Tena kwa upole, na hilo ndilo baya zaidi. Mchungaji kanifuata hadi jikoni, kakataa kiti, kasema eti darasa langu la watoto la Jumapili huenda akapewa wifi yangu. Wifi, dada wa marehemu mume wangu! Eti kasoma kuliko mimi, eti ana picha za kubandika ukutani. Miaka kumi na tisa nawafundisha watoto habari za dhambi. Nani mtaa huu anazijua dhambi za watu kunishinda? Mchungaji akakohoa. Jumapili atakaa nyuma asikilize. Somo: dhambi, na jinsi ya kupatana na Mungu. Haya. Aje.

Alhamisi, 5 Juni

Nimepata. Picha za nini? Nachukua kitambaa cheupe pepepe, nakipaka masizi ya sufuria: hiyo dhambi. Nakifua mbele yao: huo msamaha. Mtoto akiona hasahau. Tabu moja, vitambaa vyangu vyote vina rangi ya chai. Cheupe cha kweli ni kile cha kichwa cha wifi, kinaning'inia kwenye kamba uani kwake. Nimekiazima. Hakuwepo, kwa hiyo sikumwomba. Mjukuu wangu Kidomo, miaka saba na ulimi wa sabini, kauliza mbona natembea nimeinama. Nikamwambia mgongo.

Jumapili, 8 Juni

Sitaki kuandika. Naandika.

Nilianza vizuri. Nikawaambia dhambi humtenga mtu na Mungu hata akikaa kiti cha mbele. Ikifichwa huvunda. Dawa yake ni kuitaja, kumwendea uliyemkosea, kurudisha cha watu. Mungu hamfukuzi anayerudi. Watoto midomo wazi. Mchungaji anaitikia kwa kichwa. Nikazidisha! Masizi matupu nikaona hayatoshi, nikayakoroga na mafuta ya kupikia ili dhambi ishike. Ikashika.

Nimefua. Nimesugua. Mche mzima wa sabuni! Kitambaa kikawa kijivu, kisha kijivu zaidi. Mtoto wa fundi cherehani akauliza kama Mungu ameshindwa. Nikamjibu Mungu hashindwi, sabuni za siku hizi ndizo hazina imani. Mchungaji akainama kufunga kamba za viatu. Viatu vyake havina kamba.

Kitambaa nimekisokomeza chini ya godoro.

Jumatatu, 9 Juni

Kidomo kaenda kwa wifi kuungama. Si dhambi zake, zangu! Na wenzake sita nyuma yake, foleni. Eti Bibi kasema dhambi ikifichwa huvunda, na kweli godoro la Bibi linanuka.

Wifi kaja mlangoni. Nikajiandaa kwa matusi, matusi nayaweza. Kumbe analia. Machozi siyawezi. Kitambaa kile alifungwa kichwani na mama yake siku ya harusi yake. Nikamwuliza, sasa kitu cha maana hivyo kwa nini akakianika nje? Akaondoka bila kujibu. Watu hawana adabu.

Jumanne, 10 Juni

Mchungaji tena. Safari hii kakaa. Kasema Jumapili nimwombe wifi msamaha mbele ya watoto, la sivyo darasa basi. Eti mtu hawezi kupatana na Mungu huku kamruka aliyemkosea. Maneno yangu hayo! Niliyasema mwenyewe! Na mwizi wananiita mimi.

Jumapili, 15 Juni

Nimesimama. Magoti yaliuma, ulimi zaidi. Nikaanza: kama kuna mtu aliyekwazika. Kidomo akatikisa kichwa, hapana. Nikasema: kuna kitambaa kilichukuliwa. Watoto wote kwa pamoja wakauliza na nani. Nimewafundisha vizuri mno hawa!

Mimi, nikasema. Nilikichukua, nikakiharibu, nikakificha. Nisamehe, wifi.

Wifi akanikumbatia hadi mtandio ukanidondoka. Akasema alishanisamehe tangu Jumatatu, alikuwa ananingoja tu. Kisha akawageukia watoto: na Mungu hungoja vivyo hivyo. Wakaelewa! Somo langu zima kalimaliza kwa maneno matano, bila hata picha! Nililia kidogo. Vumbi la chaki.

Darasa nimebaki nalo. Pamoja na wifi. Sikuulizwa.

Jumatatu, 16 Juni

Wifi kaja asubuhi tuandae somo lijalo, mwana mpotevu. Yule aliyerudi nyumbani kachakaa, baba yake akamvika pete. Tumecheka, tumekunywa chai. Kanawa mikono, kaenda zake, kasahau pete yake juu ya beseni. Dhahabu. Inang'aa, hata mtoto wa nyuma kabisa ataiona.

Ningemwita, ila kashafika kona, na magoti yangu haya. Tena tumeshapatana, ya nini kumsumbua?

Nimeiweka chini ya godoro. Kidomo nilimtuma dukani kwanza.