Mama Esanse na Sehemu ya Mwisho

Alhamisi, 6 Novemba 2025

Daftari hili ni la Assia, mjukuu wangu. Aliacha kurasa nyeupe nyingi, hesabu hakuzipenda. Sasa nazitumia mi, Mwanne. Anayesoma bila ruhusa akome hapo hapo.

Wiki tatu tangu Khadidja, binti yangu, ahamie Kinanira, kule mlimani, na mutoto wake. Ati ni karibu na kazi. Ati kule kuna hewa nzuri. Hewa ya Buyenzi imemlea miaka thelathini na nane, leo inamkwaruza koo.

Simlilii mutu. Shida yangu ni katuni.

Ni ya Wajapani. Kwanza ulikuwa mchezo wa simu, vita vya majini, vijana wanabonyeza na meli zinapasuka. Halafu wakautengenezea filamu. Humo kila meli ni msichana. Ana mizinga mgongoni, na sketi ambayo kwangu asingevuka nayo mlango. Lakini akisimama juu ya maji hazami, anateleza kama sabuni kwenye sahani. Marehemu mume wangu alikuwa fundi wa injini kwenye meli za mizigo. Kigoma, Kalemie, Mpulungu, bandari zote za ziwa letu. Meli nazijua. Zilikuwa na kutu na harufu ya samaki. Hakuna hata moja iliyowahi kunitazama kwa macho makubwa vile.

Nampenda mmoja tu. Jina lake halikai mdomoni, nikamwita Mama Esanse, kwa sababu anabeba mafuta, na petroli kwetu ni esanse. Hapigani. Anawafuata wenye mizinga, anawajaza, wanaondoka bila asante. Katika sehemu ya tano wenzake wamekaukiwa katikati ya bahari, hata kugeuka hawawezi. Yeye anatokea kwenye ukungu, peke yake, taratibu, anaimba. Mutu yeyote aliyepanga foleni ya esanse siku tatu katika mji huu ataelewa kwa nini nililia. Nilisema ni moshi wa makaa.

Wanaongea Kijapani, na chini maandishi ya Kifaransa yanapita mbio. Mi nilisoma hadi darasa la tatu. Assia ndiye aliyenisomea kwa Kiswahili, kichwa chake begani kwangu. Tulifika sehemu ya kumi na moja. Imebaki moja. Na msomaji yuko Kinanira.

Ijumaa, 7 Novemba

Nimempigia Khadidja. Nimemwambia mgongo umekatika, namhitaji Assia kesho aje anikande. Sauti niliifanya ndogo. Ilitoka vizuri, hata mi nilijihurumia.

Jumamosi, 8 Novemba

Amekuja Khadidja mwenyewe, bila mutoto. Ana vidonge, ana mafuta ya kukanda yanayonuka. Amenikanda saa nzima kwa mikono ya fundi matofali. Sasa mgongo unauma kweli.

Nikauliza Assia yuko wapi, kama mutu anayeuliza habari za mvua. Ati yuko kwa Pascaline. Huyo ni mwenye nyumba wao, mjane, mwalimu mstaafu. Ana televisheni pana kama mlango na paneli za jua juu ya paa, umeme ukikatika yeye hana habari. Assia amemwonyesha ile katuni. Ati Pascaline ameipenda sana. Ati wamefika sehemu ya kumi.

Darasa la tatu linatosha kwa hesabu hiyo. Zimebaki mbili, halafu mutoto ataona mwisho na mwanamke mwingine.

Khadidja akaniuliza mbona nimekunja uso. Nikamwambia ni mafuta yake.

Jumatatu, 10 Novemba

Mpango mpya. Nimekwenda kibandani kwa Ilyasi, yule anayejazia watu filamu kwenye flashi. Nikataka sehemu ya kumi na mbili. Akauliza, "Ya mjukuu, Bibi?" Nikamwambia ajaze flashi, mdomo wake sijauomba. Akasema hata watu wazima wanaipenda, yeye shabiki wa yule mkubwa mwenye mizinga tisa. Nikamwambia bila mafuta huyo ni sufuria. Akachomeka flashi.

Sasa mwisho uko kwenye fundo la kitenge changu. Nimemtumia Assia ujumbe wa sauti: mwisho ninao mi, anayeutaka aje Buyenzi. Alijibu haraka. Ati anautaka sana, lakini hakuna esanse, basi hazipandi kwao wala hazishuki.

Jumatano, 12 Novemba

Nimeshindwa kungoja. Umeme ulirudi saa nne asubuhi, nikaona nisiupoteze. Nikamwita Mzee Twalibu, jirani, aliyefanya kazi melini na mume wangu. Siku zote anajisifu kwamba nahodha Mbelgiji alimfundisha Kifaransa. Nikampa chai na maandazi, nikamwambia asome.

Akavaa miwani. Wasichana wamesimama ufukweni, wanatupa maua majini. Nikauliza Mama Esanse yuko wapi. Akasema ndiye huyo wanayemuaga. Aliungua katika sehemu ya nane, imeandikwa hapo chini, akazama na mafuta yake yote.

Nikamwambia haiwezekani. Sehemu ya nane niliiona kwa macho yangu. Moto ulikuwepo, vilio vilikuwepo, lakini Assia alinisomea vizuri: Mama Esanse amekwenda Kalemie kupakia, atarudi, wenzake wanalia kwa sababu ya moshi.

Twalibu akavua miwani. "Mama Khadidja, Wajapani wameitoa wapi Kalemie?"

Nimemfukuza na andazi lake mkononi. Nimezima televisheni kabla ya mwisho.

Nilikaa hapo kwenye mkeka. Babu yake alipofariki, Assia alikuwa na miaka minne. Kila siku aliniuliza yuko wapi. Kila siku nilimjibu hivyo hivyo. Amekwenda Kalemie kupakia. Atarudi.

Jumamosi, 15 Novemba

Nimepanda Kinanira kwa miguu, na mgongo huu huu. Nilikuwa nakwenda kumgombeza. Maneno niliyapanga njia nzima. Mutoto hamdanganyi bibi yake, na kadhalika.

Assia akafungua geti. Amerefuka. Wiki nne tu, na amerefuka bila mi kuwepo. Maneno yote yakanitoka.

Pascaline akanipa kiti kizuri kuliko vyote, nikaiona nia yake. Nikauliza kama wamekwisha kuona mwisho. Akasema apana, Assia alikataa kabisa. "Ameniambia mwisho ni wa Bibi Mwanne. Ningefanya nini?"

Niliomba maji ya kunywa.

Tumeuona wote watatu. Kwenye televisheni ile maua yanafika hadi miguuni mwako. Bahari ina ile rangi ya ziwa letu mvua ikiwa imetoka kukatika. Sijui ni Mjapani gani aliyeyachora maji vile. Lakini huyo aliwahi kumngoja mutu bandarini.

Assia akasoma kwa sauti. "Wanatupa maua ili aione njia, Bibi. Anarudi kesho." Pascaline akafungua mdomo wake wa ualimu. Nikamtazama jinsi ninavyowatazama wauza nyanya sokoni. Akaufunga. Mi nikasema sawa, huko Kalemie mizigo huwa mingi, mutu hawezi kuwahi. Assia akalaza kichwa begani kwangu. Siku hizi inabidi ainame.

Ingeishia hapo ingekuwa siku nzuri. Lakini Pascaline akaleta chai na wazo. Kifaransa cha kusoma si kigumu. Assia awe anashuka kwangu kila Jumamosi kunifundisha, yeye atatayarisha masomo. Baada ya miezi mitatu nitasoma katuni zangu mwenyewe, sitamhitaji mutu. Assia akapiga makofi. Khadidja, aliyeingia chai ikimiminwa, akasema atamleta, esanse iwepo isiwepo.

Kila Jumamosi, nilisikia. Miezi mitatu, halafu basi, nayo nilisikia.

Jumamosi, 22 Novemba

Assia amefika asubuhi na daftari jipya na kalamu nyekundu. Somo la kwanza, maneno sita ya majini. Aliniuliza kila neno mara nne. Meli nikaiita mlango. Bahari nikaiita ng'ombe. Bandari nikasema sijawahi kuisikia.

Hakukasirika. Alinishika shavu, akasema, "Polepole, Bibi, utaweza," kwa sauti ya kumsemesha mutoto anayejifunza kuvaa viatu. Imeniuma. Mi niliyehifadhi juzuu nne nikiwa na miaka tisa. Na Pascaline ataambiwa. Atanisikitikia huko kwenye kiti chake, na hilo sitamsamehe.

Assia akapiga hesabu vidoleni. Kwa mwendo huu, akasema, itachukua miaka miwili. Nikamwambia aweke mitatu, kichwa changu kigumu.

Ametoka kununua sukari. Naandika haraka kabla hajarudi.

Bateau, meli. Mer, bahari. Port, bandari. Vague, wimbi. Canon, mzinga. Pétrole, mafuta.

Yote sita nilikuwa nayo kabla chai haijapoa. Jumamosi ijayo nitaanza kukosea na herufi.