Simu ya Stoo Imenyamaza

Jumatatu, 3 Machi
Siku ya ushindi! Duka letu la mtandaoni linauza vitasa na bawaba. Stoo, ghorofa ya chini, ina mfumo wake wa kompyuta. Katikati nimekaa mimi, nanakili oda kwa mkono mpaka macho yanatoa machozi. Leo nimeiunganisha mifumo hiyo miwili. Oda ikiingia huku, inajiandika kule. Mhasibu, ambaye huniita Konokono, alipita akakohoa. Kikohozi cha wivu, nakijua.

Jumanne, 4 Machi
Hakuna kosa hata moja. Wala simu haikulia. Kila asubuhi Dada wa Stoo alikuwa akinipigia kunisuta: kaka, huyu mwenye mlango mmoja, bawaba mia mbili za nini? Kisha huuliza nimeamkaje. Hakuna mwingine anayeniuliza. Nyumbani nina birika na redio mbovu.

Jumatano, 5 Machi
Kimya. Nimeinua mkono wa simu kuhakikisha mlio upo. Upo. Kumbe makosa yangu ndiyo yaliyokuwa yakimleta. Mhasibu akauliza kama nimefiwa. Nikasema mafua.

Alhamisi, 6 Machi
Mwerevu hajinyoi, wanasema. Wanasema mengi. Nimeuamuru mfumo uzidishe kila oda mara kumi. Sasa atapiga tu.

Ijumaa, 7 Machi
Hakupiga. Aliiamini mashine, akapakia. Bibi mmoja aliyeagiza kitasa cha choo kapelekewa kumi. Bosi alifoka mpaka miwani yake ikaanguka. Mhasibu aliiokota, akaifuta vizuri kwa tai yake. Mnafiki.

Mchana Dada wa Stoo akapanda ngazi mwenyewe. Nikajua nimekwisha. Nikamweleza ukweli wote huku nikitazama viatu vyangu. Akasema kaka, mdomo unao, si ungeutumia? Yeye naye hula peke yake kule chini, kati ya maboksi. Jumatatu saa saba niteremke, ataleta chakula cha wawili. Nilitaka kulia. Nikalia kidogo, chooni.

Jumatatu, 10 Machi
Jambo zito namna hii siwezi kuliachia kichwa changu. Nimeunganisha kalenda na simu: ikifika saa saba, Dada anapata ujumbe, "Nateremka." Akiandika lolote, anajibiwa papo hapo.

Ujumbe ulitoka kwa wakati. Nikabaki kitini kidogo tu, kuona kama na majibu yatakwenda. Akauliza niko wapi. Akajibiwa, "Nateremka." Baadaye akaandika kwamba chakula kinapoa. "Nateremka." Akaandika kwamba ameshafunika sahani yangu, anarudi kazini. "Nateremka." Baada ya hapo hakuandika tena.

Mfumo haukukosea hata mara moja. Kesho nauongezea neno la samahani, lijitumie lenyewe.