Kikohozi cha Klachi

Jumatatu, 16 Juni
Sijamwambia mtu yeyote: klachi ya gari la Baba nimeiharibu mimi. Tangu nimalize shule, Baba akienda kiwandani kwa basi, najifunza kuendesha kwenye shamba letu la miplamu. Mguu wa kushoto siutoi juu ya klachi. Naogopa gari litazimika. Sasa nikikanyaga inalia kriii, nikiachia inanyamaza. Baba aliahidi kunipa gari nikipata leseni. Lakini ameapa: likiharibika tena bila sababu, analiuza kwa jirani, Mzee Vidoje, alikate liwe chuma chakavu.

Jumanne, 17 Juni
Nimegundua! Pedali imekauka. Grisi hatuna. Duka la vipuri lilijaa wanaume, nikaishia mlangoni. Nimepaka mafuta ya nguruwe ya Mama. Kriii iko palepale. Paka wawili wa Mzee Vidoje wamehamia chini ya pedali.

Alhamisi, 19 Juni
Mzee Vidoje alikuja kunywa kahawa na kudai paka wake. Akauliza mbona gari letu linanuka kama jiko la harusi. Akalipiga teke tairi, akamwambia Baba, “Radoje, kubali tu! Hiki chuma kimeshaanza kunizoea.” Baba akaliwasha kumwonyesha kwamba ni zima. Kila alipokanyaga klachi, nikakohoa kwa nguvu. Mpango mzuri! Hawakusikia kitu.
Mama alisikia. Nimevalishwa soksi zilizolowekwa rakija, pombe yetu kali ya plamu, eti dawa ya kikohozi, nimelazwa. Chumba kizima kinanuka pombe.

Ijumaa, 20 Juni
Bado niko kitandani. Baba ameendesha peke yake, bila kikohozi. Amesikia yote.

Jumamosi, 21 Juni
Baba alipeleka gari gereji, nikamkimbilia, soksi zikivuja. Mzee Vidoje alikuwa ameshafika. Fundi Tihomir akasikiliza. Inalia ukikanyaga, inanyamaza ukiachia: beringi ya klachi imekwisha. Akasema beringi hiyo huliwa na mtu anayeegemeza mguu kwenye pedali. Ni nani huyo?
Nilifungua mdomo. Kweli nilifungua!
Baba akanitangulia. Akasema ni yeye, hili goti lake bovu, huenda anaegemeza mguu bila kujua. Fundi akamfokea mbele ya watu wote, “Mtu mzima ovyo! Pedali siyo kiti!” Baba akainamisha kichwa kama mtoto. Kisha akamwambia Mzee Vidoje aende zake, gari haliuzwi. Kosa ni la mguu, gari halina hatia.
Nilifunga mdomo.

Jumapili, 22 Juni
Beringi mpya. Kimya kabisa. Baba na Mama wamekwenda kwa Bibi kwa basi, ili goti la Baba lisiharibu gari tena. Mimi nimebaki, eti bado naumwa.
Nimeendesha shambani saa mbili nzima. Mguu niliuweka juu ya klachi kidogo tu, tena bila kiatu. Soksi ni nyepesi. Mwishoni nilisikia kitu kama kriii, ila huenda ni ndege.
Wewe unayesoma hapa, nakuomba sana, usimwambie mtu. Hasa Baba. Goti lake limeanza kupata nafuu.