Kaburi la Nyuma ya Jiko

Jumapili, 2 Juni
Kooperative yetu ya mikopo imenituma kukadiria bei ya nyumba ya Isidore, mchuuzi wa dhahabu wa Misisi, iliyokamatwa kwa mkopo asiolipa. Nyumba nzuri mno! Naitaka, kwa jina la shemeji. Lakini bei lazima ianguke. Mpangaji, mama Adolphine, kaenda misa. Nimeruka ua, nimepanga mawe nyuma ya jiko, nimesimika msalaba wa fito. Nani katika mji huu wa Baraka atanunua kaburi la watu? Mgongo unaniuma.

Jumatatu, 3 Juni
Nimerudi rasmi. Nimeliona kaburi, nimeshtuka vizuri sana. Nimemwambia Adolphine mnunuzi atataka nyumba tupu, aanze kufunga mizigo. Ana watoto watano na mkataba wa miaka miwili mbele. Katazama mawe, kisha mimi. Sikupenda lile jicho. Ripoti imeingia, bei nusu.

Jumatano, 5 Juni
Balaa! Habari imefika kijijini Lubondja, kwao Isidore. Ukoo wa Isidore umekuja na turubai, viti na vilio. Wanamlilia babu aliyepotea zamani. Wanasema kiwanja alicholala mzee wao hakiuzwi. Nimechanga sukari ya matanga, ningefanyaje? Jeranti Florentine, mkuu wetu wa kooperative, kasema kesho wanachimba, polisi wakiwepo. Wakikuta patupu, aliyepanga mawe atalala kasho, mahabusu ya polisi.

Alhamisi, 6 Juni
Polisi wamekuja na majembe. Adolphine kaniita jikoni.

“Papa Casimir, ile Yenga, ile siku ya Mungu, mi sikuendaka misa. Mutoto alikuwa na homa. Nilikuona mu dirisha.”

Nikamwuliza anataka nini.

“Andika mukataba yangu mu rapport yako. Mwenye kununua atanikuta humu na batoto, ataniacha mupaka siku zangu ziishe.”

Nimeandika. Nimegonga muhuri. Ndipo akatoka kuwaambia wazee kuwa mawe ni yake, ya kuanikia visamaki vya ndagala, na fito ni ya kamba ya nguo. Wazee wamekasirika sana. Wameng'oa turubai, wameondoka na sukari yangu; polisi nao wamerudi na majembe yao bila kuchimba.

Jumamosi, 8 Juni
Bei imepanda tena, imenishinda. Shemeji hapokei simu. Adolphine kweli anaanika ndagala juu ya kaburi langu.

Lakini Florentine kanipa nyumba nyingine ya kukadiria, huko Fizi, nayo ina wapangaji. Nimekaa nikatafakari. Kosa langu lilikuwa dogo: nilizika marehemu mwenye ukoo jirani. Safari hii nitaandika kwenye msalaba kwamba ametoka mbali, huko Kisangani.