Mkojo wa Bwana Makali

Jumatatu, 3 Machi
Mgongo unauma. Miaka tisa nimeinamia vitabu nikivishona na kuvijalidi. Miaka tisa nimemeza vidonge vya maumivu, viwili asubuhi, viwili jioni. Navificha katika mkebe wa sindano. Mke wangu anaamini nimeacha. Leo miguu imevimba, viatu vimekataa kuingia. Kazini tumetangaziwa kupimwa afya. Msimamizi mpya wa karakana atakuwa mimi au Bwana Makali, mwendesha mashine ya kukatia karatasi. Mgonjwa hapewi. Lakini Bwana Makali! Mtu asiyejua hata kufunga vifungo vya shati!

Jumatano, 5 Machi
Tumetoa mkojo. Wangu ulikuwa na povu kama maji ya sabuni. Wake, safi. Muuguzi akausifu mwandiko wangu, akaniomba niandike lebo zote mbili. Nikaandika kwa mwandiko mzuri sana. Jina lake kwenye chupa yangu, langu kwenye yake. Mungu anisamehe.

Ijumaa, 7 Machi
Nimeambiwa nina figo za kijana. Nikamshukuru daktari kwa kazi nzuri. Bwana Makali ameambiwa figo zake zinavujisha protini. Akaulizwa kama humeza dawa za maumivu kila siku, kwa kuwa zikitumiwa miaka mingi huharibu figo. Akaapa kwamba hamezi. Daktari hakumwamini. Mimi nilitazama ukuta.

Jumamosi, 8 Machi
Nilikwenda kumjulia hali, nionekane muungwana. Mkewe amelia hadi macho yamevimba. Bwana Makali mwenyewe ameandika barua ya kuacha kazi, akaniomba niisahihishe. Nikaisahihisha! Koma moja tu ilikosekana.
“Usimamizi chukua wewe, mzee wangu,” akasema. “Unaustahili.”


Jumatatu, 10 Machi
Nilimkuta mlangoni kwa meneja, barua mkononi. Nikamshika mkono.
“Ule mkojo mbaya ulikuwa wangu.”
Mashine zilikuwa bado hazijawashwa. Karakana nzima ilisikia.
“Mzee wangu,” akasema, “hata mkojo umeniibia?”
Hakuna aliyecheka. Kisha yeye mwenyewe akanipeleka hospitali, amenishika mkono kama mgeni wake. Nimepimwa damu. Figo zimebaki na nusu ya nguvu zake. Daktari amesema nikiacha vidonge leo, nusu hiyo huenda ikanifikisha mbali. Nisipoacha, nitaishia kuoshwa damu kwa mashine. Nyumbani, nilipokiri, mke wangu aliumwaga mkebe wa sindano chooni, sindano na vyote. Afadhali angenitukana.

Jumanne, 11 Machi
Msimamizi ni Bwana Makali. Amenisalimu kwa heshima mbele ya watu wote. Aibu hiyo imenipandishia maumivu ya kichwa yasiyo na mfano. Nikatafakari kwa makini. Daktari alikataza vidonge vya mgongo. Kichwa hakukitaja. Nimenunua pakiti moja, ndogo. Nimemeza viwili tu. Vilivyobaki vimo katika mkebe mpya, na nje nimebandika lebo, kwa mwandiko mzuri sana: MISUMARI.