Supu ya Bosco

Leo nimejivunjia heshima mbele ya mama mkwe, kisa na maana mbwa.

Mbwa wetu anaitwa Bosco. Wiki jana tulienda naye Kishushe kwa mama mkwe, ngiri akaingia shambani, Bosco akamkabili. Ngiri akampasua tumbo kwa meno, utumbo ukatoboka. Tukamkimbiza Voi. Daktari wa mifugo akakata kipande kilichoharibika, akaunganisha utumbo, akamshona. Bosco akaanza kupona. Mimi nikaanza kuugua wivu.

Maana tangu siku hiyo mke wangu Wakesho analala sebuleni na mbwa. Amemfunika shuka langu (lile zito). Jana mama mkwe akaja na kuku wa kienyeji, nikajua hatimaye nimekumbukwa. (Tangu nimuoe binti yake sijachinjiwa hata kifaranga.) Leo asubuhi kuku akachinjwa. Nikanawa mikono, nikakaa mezani kama mkwe anayejiheshimu. Nikaletewa kimanga (mihogo na maharage yaliyopondwa) na chai ya rangi.

"Na kuku?"

"Ni wa Bosco," Wakesho akasema. "Daktari amesema ale vitu laini. Wewe utumbo wako uko sawa."

Hata firigisi, jamani! Wivu ulinipanda hadi kichwani. Walipokwenda kuchota maji, nikainamia bakuli la mbwa. Nikamaliza nyama, nikanywa supu yote. Bosco akawa ananitazama tu. Nikamwambia, "Nenda kanishtaki."

Hazikupita dakika nyingi, tumbo likanguruma. Nikakimbilia choo cha nje. Sikutoka.

Mchana, nikiwa bado humo, nikasikia daktari amefika kumwangalia Bosco.

"Bakuli amelamba lote," Wakesho akamwambia. "Na ile dawa ya kulainisha choo nilichanganya humo humo. Lakini hajaenda haja."

(Dawa. Sasa nikaelewa.)

"Amekula yote, na dawa, na hakuna kitu?" Daktari akauliza. "Basi utumbo umeziba pale niliposhona. Itabidi nimpasue tena, leo leo."

Wakesho akaanza kulia. Nikajaribu kusimama, tumbo likanirudisha chini. Kwetu mkwe hathubutu hata kuelekea chooni mama mkwe akimwona, sembuse kuongea akiwa ndani. Lakini mbwa wa watu atapasuliwa bure, na kuku nimekula mimi. Nikapaza sauti kupitia mabati.

"Daktari, usimpasue! Ile supu nilikunywa mimi!"

Nikasikia sauti ya mama mkwe ikiniita polepole, kwa jina la mwanangu.

"Baba Mwakio. Na dawa?"

"Na dawa, mama."

"Tumesikia," akasema.

Bosco amepewa bakuli lingine, hapasuliwi. Mnaocheka, mnanionea. Haya naandika nikiwa humu humu chooni, nasubiri mama mkwe aondoke ndipo nitoke. Nimemsikia akimwambia Wakesho atakaa mpaka Bosco apone kabisa.