Nzi wa Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Machi
Mama mkwe amewasili. Hata mkoba hajautua, ameuliza kama bado nafanya kazi ya nzi. Nimemweleza kwa heshima zote: maabara yetu inatenganisha aina mbili za nzi wa matunda, mmoja mharibifu, mwingine hana neno, na tofauti yao ni umbo la ubawa tu. Tunachomoa ubawa wa kulia, tunaulaza kwenye kioo, tunaupima kwa kompyuta. Akamwambia mke wangu kumbe huyu alisomeshwa ili anyofoe nzi mbawa. Mke wangu akacheka. Mke wangu mwenyewe!

Jumanne, 5 Machi
Mbawa zinajikunja, hazitaki kulala. Mwenzangu wa meza ya pili, tunayemwita Hadubini maana hakuna kinachompita, anazinyoosha moja moja kwa brashi, kama anamvisha mtoto mchanga soksi. Mimi subira hiyo sina. Nimezibeba nyumbani kwenye bahasha, nikazibana katikati ya karatasi, nikazipiga pasi. Moto mdogo, wa hariri. Zimenyooka! Hadubini hanipati tena.

Jumatano, 6 Machi
Ajabu! Mbawa zangu ni pana kuliko za aina zote mbili. Nimepima tena. Pana vilevile. Basi kuna aina ya tatu, na mgunduzi ni mimi! Mgunduzi ndiye hutoa jina. Nimemtangazia mama mkwe kwamba nzi huyu ataitwa kwa jina lake. Akauliza anatambulikaje. Nikasema kwa upana. Hakumaliza chakula.

Alhamisi, 7 Machi
Amelala nalo, ameamka mtu mwingine. Amewapigia simu dada zake wote, ila upana hakuutaja. Kisha akanimiminia chai kwa mkono wake na kuniita mwanangu. Tangu nioe nilikuwa "huyu". Nilikaribia kulia. Kesho namwonyesha Mkuu wa maabara.

Ijumaa, 8 Machi
Aibu tupu. Mkuu alifurahi, akasimama, akanipa mkono. Hadubini akafungua kichupa cha spiriti tunamohifadhi mwili wa kila nzi, akamtoa mmoja wa nzi wangu, akachomoa ubawa wake wa kushoto na kuulaza kwa ile brashi yake. Kompyuta ikaonyesha mharibifu wa kawaida.

Mkuu akatazama kompyuta, akanitazama mimi. "Kwa hiyo nzi huyu kulia ni aina mpya, kushoto ni yule yule wa siku zote?"

Nikasema inawezekana. Hadubini akauliza mbona mbawa zangu zina alama ya kuungua. Nikakiri. Nimeamriwa nirudie kazi yote kwa mbawa za kushoto, na pasi nisiiguse. Mama mkwe sijamwambia. Nitaanzia wapi? Jioni alinichemshia maji ya kuoga.

Jumamosi, 9 Machi
Pasi sijaigusa. Brashi nayo inachosha, na Mkuu hakusema lolote kuhusu jua, kwa hiyo mbawa nimezianika kwenye dirisha la maabara. Mchana nimepima. Si pana hata kidogo. Nyembamba! Nyembamba kuliko aina zote zinazojulikana! Nimepima tena.

Sikungoja Jumatatu. Nimempigia simu mama mkwe nikamweleza kuwa kumetokea marekebisho madogo, nzi wake ni mwembamba. Amefurahi mno. Amesema hilo alilijua tangu mwanzo, na dada zake anawapigia sasa hivi.